Ukwaju ni Wangu

Siku ya tatu umeme haujarudi Kitangari.
Friji ya Somoe Chihongwe imekaa kimya sebuleni
kama mgeni aliyenuna,
mlango wazi, tambara chini yake likinywa maji.
Asubuhi Sharafi alikuja na mia mbili, ya moto kiganjani:
"Barafu ya ukwaju."
"Hakuna, baba. Kamuombe Mungu."
Alisema hivyo kumfukuza tu.

Mimi nilikuwa nimeanika korosho uani,
gunia nne za mwisho wa msimu,
kesho yake ziende chama cha msingi kupimwa.
Saa tisa wingu likapanda kutoka bonde la Ruvuma,
si jeusi, afadhali lingekuwa jeusi,
la kijani, kama maji ya kisima kilichosahauliwa.
Mbuzi wakaacha kutafuna.
Ukaja ubaridi ambao hatuna jina lake
ila jina la homa.

Kisha moja, juu ya bati. Ta.
Nikadhani bibo.
Ya pili.
Halafu anga lote likamwagwa
kama lori la kokoto lililoinua mgongo,
na sikusikia hata sauti yangu mwenyewe
ikiita korosho, korosho.
Nilitoka na sinia kichwani.
Nilirudi na sinia limebonyea
na korosho za kujaza kikombe.
Mama mkwe, kwenye nyumba yake ya nyasi,
aliniambia baadaye alidhani watoto wanatwanga.

Tulipofungua milango, kijiji kilikuwa cha watu wengine.
Weupe hadi shuleni, weupe juu ya makaburi,
juu ya pikipiki ya Mandanda,
na mabibo yamepasuka, mekundu,
kama kuna aliyechinjwa chini ya kila mkorosho.
"Theluji!" alipiga kelele Hadija wa darasa la tano,
aliyeiona kitabuni, mlimani, mbali.
"Mvua ya mawe," Mwalimu Nambunga akasahihisha, miguu peku,
kisha akaokota moja, akailamba
alipodhani hatumuoni.

Tulifanya tulichokijua.
Huku juu maji hununuliwa kwa dumu;
basi tukayazoa yalivyokuja, yameganda,
kwa ndoo, kwa ungo, kwa beseni la kuogeshea mtoto,
miguu tumeifunga mifuko mitupu ya salfa,
watoto wamevaa sweta za shule juu ya nguo za kulalia,
meno yanagongana, wanacheka, hawajui ni kitu gani
kinachowagonganisha meno.

Ndipo Muuguzi Esha akaja mbio kutoka zahanati
na kasha la chanjo kifuani.
Jokofu limekufa. Za surua hazifiki asubuhi.
Somoe hakuuliza kitu. Alipiga magoti uani,
yeye anayeijua barafu kama fundi anavyojua kitambaa:
hizi hapana, zina mchanga;
hizi laini, zitakimbia;
nileteeni za kivulini, zile ngumu.
Akazitia kwenye vifuko vyake vyembamba vya biashara,
akafunga, akafunga, akafunga,
akatenga kwa kanga ili chupa zisigande.
Vidole vyake vilikuwa vyekundu kama mabibo.

Mimi nimesimama na korosho zilizolowa,
tayari daraja la pili kabla hazijapanda mzani.
Nikasema, kwa uchungu wangu,
"Somoe, Mungu amekuingilia biashara."
"Mwache," akajibu. "Hajui bei."

Sharafi akarudi na kikombe kimejaa mawe ya mbinguni.
Somoe akammiminia ukwaju wa jana, ukawa kahawia, ukavuta moshi.
Mtoto akanyoosha ile mia mbili yake.
Akaipokea.
"Barafu ni ya Mungu," alisema. "Ukwaju ni wangu."

Usiku nilizianika korosho kitandani,
nikalala mimi sakafuni.
Bati langu lilikuwa limetoboka mahali kumi na moja.
Nilizihesabu mara mbili, nyota ndani yake,
moja ikidondoka, tone kwa tone,
ndani ya sufuria.